Sehemu ya 6: Kabla ya wasichana wa Korea kulikuwa na Siti

Mama zangu wa Tanga, Muheza, Pangani na kwingineko, wiki iliyopita tulimaliza habari za kumuanzishia mtoto uji. Leo nawapumzisha na mambo ya kliniki, maana mama mmoja wa Ngamiani kanitumia ujumbe mrefu kuhusu binti yake wa miaka 14. Anasema mtoto hali vizuri kwa ajili ya simu, bando linaisha, na chumbani kabandika picha za wasichana wa Kikorea. Akaniuliza, "Nesi, huyu mwanangu kapotea?"

Hajapotea, shoga yangu. Ila ngoja nikueleze anachokifuata, kisha nikupe cha kumwambia mkiwa mnachambua mchicha.

Wale wasichana wanne wanaitwa Blackpink, walianza 2016. Kule Korea mwimbaji hulelewa na kampuni kwa miaka, anafundishwa kuimba na kucheza, halafu anatolewa ndani ya kundi. Siku akiruhusiwa kutoa wimbo wake peke yake, inakuwa kama siku ya kumtoa mwali nje. Mmoja wao, Rosé, alitolewa hivyo tarehe 12 Machi 2021, kwa wimbo unaoitwa On the Ground. Video yake ilitazamwa mara milioni 41 na zaidi ndani ya saa 24. Kwenye ile chati ya dunia ya Billboard, inayokusanya hesabu za nchi zaidi ya 200, ukashika namba moja. Kwenye chati ya Marekani peke yake ukafika nafasi ya 70.

Sasa sikiliza jambo moja ambalo binti yako pengine hajaliwazia. Wimbo ule wote umeimbwa kwa Kiingereza. Msichana wa Kikorea, kampuni ya Kikorea, lakini kwa hatua yake ya kwanza peke yake walichagua lugha ya soko kubwa. Siwalaumu, biashara ni biashara. Lakini hapo ndipo nilipomkumbuka mama mmoja ambaye na yeye alisafirishwa kwenda kutoa sauti yake ya kwanza kwa kampuni kubwa la nje, miaka 93 kabla ya Rosé, na akaimba Kiswahili.

Huyo ni Siti binti Saad. Najua wengi mmemsikia shuleni, mkakariri jina na kuliacha hapo. Mimi namtaka zaidi kwa sababu ana damu ya kwetu. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, yaani asili yake ni huku huku mkoani kwetu. Ila wote wawili walizaliwa Unguja, kwenye utumwa. Yeye akazaliwa Fumba, karibu mwaka 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa.

Nawaomba msipite haraka hapo. Mimi kila siku naandika majina kwenye kadi za kliniki. Naona mama anavyofikiri, anavyopiga simu kwa bibi, anavyobadilisha mara mbili kabla sijaandika. Jina ni zawadi ya kwanza. Huyu mtoto zawadi yake ilikuwa hali yake: Mtumwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, lakini sheria haifuti jina la mtu wala haifuti dharau za jirani. Siti lilikuja baadaye, mjini, na maana yake ni bibi wa heshima. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye santuri, huyu mama alishapanda chati moja kubwa kuliko zote.

Kazi yake ya ujana ilikuwa kufinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza. Muuza vyungu lazima aite wateja, na watu husema sauti yake ilitangulia mbele, akina mama wakajua Mtumwa anakuja kabla hawajamwona. Aliolewa, akazaa, akaachika. Mwaka 1911 akahamia mjini. Hebu tuhesabu: alikuwa na miaka 30 hivi, mama, mtalaka, hana elimu ya shule, hana ukoo wa kujivunia. Kule Korea wanaanza kufundishwa wakiwa na umri wa binti yako. Nawaambia hili nyinyi mnaoniandikia kwamba mmeshazaa watoto wawili basi mambo yenu yamekwisha.

Mjini taarabu ilikuwepo, lakini ilikuwa ya ikulu na ya mabwana. Tangu enzi za Sultani Barghash iliimbwa kwa Kiarabu, na kile kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905 kilikuwa cha wanaume. Siti alifundishwa na wanamuziki wa mjini kufuata mahadhi ya udi na fidla. Na yeye akafanya kitu kilichoonekana cha kishamba: akaimba lugha inayosemwa jikoni na sokoni. Watu wa Ng'ambo, wachukuzi, wapishi, waliotoka utumwani juzi tu, wakawa wanaelewa kila neno bila mkalimani.

Wenye wivu hawakukosekana. Walimtungia wimbo wa kumcheka, kwamba ni mtu wa shamba, maskini, na kwamba ukimwondolea sauti habaki na kitu. Leo tungesema walimshambulia kwenye komenti. Yeye hakuwatukana. Akawajibu kwa wimbo pia, kwamba sura na nasaba si kitu mtu akikosa akili na adabu. Halafu akaendelea na kazi.

Ikaja mwaka 1928. Kampuni la Gramophone, lile lenye alama ya mbwa anayesikiliza bomba la gramofoni, His Master's Voice, lilikuwa na studio Bombay. Siti na wenzake wakapanda meli wakavuka bahari. Miongoni mwao walikuwemo Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam, ambao nao walirekodi kwa sauti zao, kwa hiyo sitawadanganya kwamba Siti alikwenda peke yake kama Rosé. Lakini jina lililobeba safari lilikuwa lake, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri.

Kwa ambao hamjaziona: santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, nzito, na zikidondoka zinavunjika kama sahani. Upande mmoja uliingia dakika tatu hivi. Taarabu mnaijua nyie, ukumbini mtu anatunzwa, beti inarudiwa, wimbo unaweza kuchukua muda wa kupika wali na mchuzi. Bombay ikabidi wimbo ukatwe uingie dakika tatu. Tukisikia wazee wanalalamika kwamba vijana wa leo nyimbo zao fupi, tuwakumbushe kwamba mkasi ulianza zamani.

Chati hazikuwepo, wala redio Unguja haikuwepo. Hesabu ilikuwa moja tu: santuri ngapi zimenunuliwa. Na hadi mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri 72,000 za Siti na wenzake.

Ukiiweka 72,000 karibu na milioni 41 inaonekana si kitu. Lakini fikiri kama mama mwenye bajeti. Kutazama video unabonyeza tu, na mtu mmoja anaweza kubonyeza mara 30 usiku kucha (binti yako shahidi). Santuri ni pesa mkononi, na ukishainunua unahitaji gramofoni, na gramofoni ilikuwa ya tajiri au ya mwenye mkahawa. Ikipigwa mkahawani, barabara nzima inasikiliza bure. Kwa hiyo santuri moja ilikuwa na masikio kadhaa nyuma yake, na hayo masikio hayakuingia kwenye kitabu cha kampuni. Wazee wa pwani hii yote, Lamu hadi Kilwa, sauti ya kwanza kuisikia ikitoka kwenye sanduku ikisema lugha yao wenyewe, kwa wengi ilikuwa ya mwanamke aliyewahi kuitwa Mtumwa.

Biashara ilinoga hadi wapinzani wakashtuka. Kampuni la Columbia likaleta studio Unguja kwenyewe, kumrekodi Siti. Mara ya kwanza yeye ndiye alipanda meli kufuata mashine. Safari hii mashine ndiyo ilipanda meli kumfuata. Na hakuna aliyemwambia abadilishe lugha ili auze zaidi, kwa sababu lugha ndiyo iliyokuwa inauza. Hilo ndilo ningependa mama wa Ngamiani amwambie bintiye, kwa upole, bila kumbandulia picha ukutani. Mtoto aendelee kumpenda Rosé wake. Lakini ajue kwamba kampuni za dunia zilishawahi kugombania sauti inayoongea kama bibi yake.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za nini? Mapenzi yalikuwemo, dua zilikuwemo. Lakini mimi kama nesi kuna mmoja siwezi kuupita, Kijiti. Ni tukio la kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitolewa kwenda ngomani usiku, akafanyiwa unyama na huyo Kijiti, akafa. Alikuwa mjamzito. Muuaji akakimbilia bara. Na akina mama waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio wakageuziwa kibao kwa sababu ya pombe iliyokuwepo kwenye matembezi yale. Siti aliyaimba hayo, kwa jina la mtuhumiwa, likaingia kwenye santuri, likauzwa.

Jamani. Leo tuna dawati la jinsia polisi, tuna fomu ya PF3, mama akija kwetu amepigwa tunajua pa kuanzia, na bado wapo wanaoulizwa "ulikuwa unafuata nini usiku?" Wakati ule hakukuwa na hata hivyo. Palikuwa na wimbo. Mtuhumiwa alivuka bahari akidhani amesalimika, na jina lake likavuka nyuma yake kwenye kila mkahawa wenye gramofoni. Waandishi wa habari wanawake wa TAMWA walipoanzisha jarida lao mwaka 1988 wakaliita Sauti ya Siti, nadhani hawakufikiria mara mbili.

Na tunayajua maisha yake haya kwa sababu ya mtu wa Tanga. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo Machui, ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki Julai 1950. Angalia ajabu hii: mshairi mkubwa wa Kiswahili, karani wa serikali, aliona maisha ya muuza vyungu yanastahili kitabu, wakati vitabu vya wasifu vilikuwa vya masultani na wapelelezi wa Kizungu. Wanaopita Machui kwenda mashambani mnajua kaburi lake liko huko, alifariki Juni 1962. Wapelekeni watoto siku moja, nauli si kubwa.

Mbegu ya Siti ilivuka ikaota kwetu. Miaka ya 1960 Tanga ikawa na taarabu yake, yenye magitaa na besi, nyepesi ya kuchezeka kuliko ile ya Unguja. Black Star Musical Club, kisha Lucky Star. Na mbele ya vyombo akasimama binti wa Pangani, Shakila binti Said. Huyu mama zetu walimsikia wenyewe, kwenye harusi na redioni, na alipohamia Dar akaimba na JKT Taarab. Alifariki Agosti 2016. Santuri za Tanga zilifika hadi Ulaya: mwaka 1989 kampuni moja ya Uingereza ilikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star ikaziuza kule, miaka mingi baada ya kupigwa hapa mjini. Shakila anastahili sehemu yake mwenyewe, nitaiandika nikipata mapumziko ya zamu za usiku.

Kwa sasa nina ombi. Wengi mna masanduku ya bibi ambayo hayajafunguliwa tangu msiba. Ukikuta humo santuri nyeusi, nzito, usimpe mtoto achezee gurudumu, na usiiweke juani. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu, kuzunguka kufuata mistari. Na tafadhali, nawajua nyie, msichukue ile spiriti ya kusafishia kitovu: santuri za zamani zimetengenezwa kwa lakiri, na spiriti inaiyeyusha. Ipigeni picha pande zote mbili, karatasi ya katikati isomeke, mniwekee hapa chini.