Ngozi Haisahau

Heinz Küstner alikuwa daktari, na samaki alikuwa adui yake. Akionja kipande kidogo tu cha samaki aliyepikwa, mwili ulianza kumwasha na ngozi ikamvimba. Mwenzake, Carl Prausnitz, alikula samaki bila wasiwasi. Yeye shida yake ilikuwa chavua ya nyasi, iliyomtoa chafya na makamasi kila msimu wake ulipofika. Wote wawili walifanya kazi Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, ambao leo ni Wrocław, nchini Polandi.

Küstner alitolewa damu. Ilipoganda, yakabaki yale maji ya manjano yaitwayo seramu. Prausnitz akajidunga matone machache ya seramu hiyo kwenye ngozi ya tumbo lake. Kesho yake akadunga mahali palepale maji yaliyotolewa kwenye samaki. Dakika chache tu, ngozi ya mtu ambaye samaki hajawahi kumdhuru ikavimba, ikawa nyekundu, ikawasha kama imeguswa na upupu. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1921.

Kwetu, mtu akitokwa na vipele visivyoeleweka, hakosekani wa kusema: "Huyu damu yake chafu." Siku hizi kuna na msemo mwingine wa kisasa zaidi: "Kinga yako imeshuka," na unauziwa unga wa kuipandisha. Tumbo la Prausnitz linajibu misemo yote miwili. Kweli, kulikuwa na kitu ndani ya damu ya Küstner, na kiliweza kuhamishwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Lakini hakikuwa uchafu, wala hakikuwa upungufu. Kilikuwa kumbukumbu. Damu ile ilimtambua samaki, na ikaifundisha ngozi ya mtu mwingine kumtambua.

Kitu hicho kilikuwa nini? Jibu lilisubiri zaidi ya miaka 40. Mwaka 1966, mjini Denver, Marekani, mume na mke kutoka Japani, Kimishige na Teruko Ishizaka, walikitenga. Kilikuwa kingamwili iliyo chache mno kwenye damu kiasi kwamba kipimo cha kuaminika kilikuwa kuidunga ngozini na kutazama kama patavimba. Ngozi waliyoitumia ilikuwa yao wenyewe. Muda si mrefu, watafiti wa Uswidi nao waliifikia kingamwili hiyohiyo kwa njia yao, na mwaka 1968 ikapewa jina la IgE.

Mwenzi wake alikuwa ameshaonekana zamani. Mwaka 1878 Paul Ehrlich, kijana aliyezaliwa karibu na Breslau, alieleza seli zilizojaa chembechembe. Alidhani zimenenepa kwa kula sana, akaziita kwa neno la Kijerumani la kunenepesha. Ndipo likaja jina la seli za masti. Hazikuwa zimeshiba. Zilikuwa ghala. IgE hujishikiza juu yake na kungoja. Kitu inachokikumbuka kikipita, ghala hufunguka na kumwaga histamini. Mishipa midogo hutanuka, maji huvuja, neva huwasha. Hiyo ndiyo njia ya haraka, ya dakika.

Ipo njia ya pili, ya polepole, nayo pia ina chanzo chake Breslau. Mwaka 1895 Josef Jadassohn, daktari wa ngozi wa mji huo, alieleza habari za wagonjwa waliopata ukurutu baada ya kupakwa dawa ya zebaki. Alibandika dawa hiyo kwenye kipande kidogo cha ngozi yenye afya, akasubiri. Ngozi ilijibu, ila si kwa dakika. Ilichukua kutwa nzima au zaidi. Kipimo cha kubandika kinachotumiwa na madaktari wa ngozi leo ni mjukuu wa kile.

Anayetaka kuiona njia hii ya polepole hahitaji kwenda Ulaya. Piko nyeusi inayopakwa bibi harusi mara nyingi hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Mara ya kwanza maua hutoka vizuri, hakuna lolote. Miezi baadaye, harusi nyingine, rangi ileile, na siku mbili baada ya kupakwa, maua yaleyale yanainuka kuwa malengelenge, jani kwa jani. Watu hushangaa: "Mbona mwaka jana alipaka?" Ni kwa sababu mwaka jana alipaka. Siku ile ngozi ilikuwa inajifunza.

Hapa mwalimu si seramu. Mwaka 1942, Karl Landsteiner na Merrill Chase walionyesha kwa simbilisi wa maabara kwamba mzio wa aina hii huhamishwa na seli zenyewe, si kwa maji ya damu. Na mmoja wa wapeleka habari alikuwa ameonekana tangu mwaka 1868, wakati Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, alipotia ngozi ya binadamu rangi ya kloridi ya dhahabu akaona seli zenye matawi. Alidhani ni za neva. Alifariki Madeira mwaka 1888, kabla hajatimiza miaka 41, bila kujua kwamba amewaona walinzi wa mpakani. Wao, pamoja na ndugu zao wa tabaka la chini, hunasa kitu kigeni, hukipeleka kwenye tezi za limfu, na huko seli T hufundishwa kukitambua. Kikirudi, seli T huja kwa wingi ngozini, na uvimbe huanza.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 1906, Clemens von Pirquet wa Vienna alihitaji neno la mwili ambao, baada ya kukutana na kitu mara moja, haukipokei tena kama zamani. Akaliunda kutoka Kigiriki, na ndilo tunaloliita aleji. Samaki wa Küstner alikuwa ung'ongo. Chavua ya Prausnitz, ung'ongo.

Kipimo cha kudungana seramu kiliachwa, kwa kuwa damu ya mtu huweza kubeba virusi. Prausnitz mwenyewe aliikimbia Ujerumani ya Wanazi, akamalizia maisha yake Uingereza akitibu watu wa kisiwa cha Wight. Kuhusu yule bibi harusi, malengelenge yatakauka baada ya wiki chache, na mikono itarudi ilivyokuwa. Lakini seli T zilizofundishwa hubaki, pengine maisha yote. Wa kumwambia "damu yako chafu" atakuwepo. Afadhali awepo na wa kumwambia asipake tena rangi hiyo, hata kichwani.