Fidia ya Maafa kwa Wakulima na Wafugaji wa Marekani, 1887–2014

Mnamo Februari 1887, Rais Grover Cleveland alikataa kutia saini muswada uliopitishwa na Bunge la Marekani wa kutenga dola 10,000 za kuwanunulia mbegu wakulima wa Texas waliokumbwa na ukame, akishikilia kwamba si wajibu wa serikali kuu kuwakimu raia waliofikwa na dhiki. Hata hivyo, swali la nani abebe hasara isiyolipwa na bima yoyote halikuzimika.

Jibu la kwanza kubwa lilitolewa mwaka 1934, ukame ulipoteketeza malisho ya Nyanda Kuu na serikali ikaanza kununua ng'ombe waliokuwa wakidhoofika kwa njaa na kiu, hata wakazidi milioni 8. Ng'ombe wa miaka miwili na zaidi alilipiwa kati ya dola 12 na 20, na ndama asiyetimiza mwaka dola 4 hadi 8. Malipo yaligawanywa mafungu mawili: bei ya mnyama, ambayo aliyemkopesha mfugaji kwa rehani ya mifugo aliweza kuidai, na fungu la mfugaji mwenyewe, ambalo wadai hawakuruhusiwa kuligusa. Wanyama waliokonda mno walipigwa risasi, na waliofaa walichinjwa ili nyama yao igawiwe familia maskini.

Mwaka 1938 serikali ilianzisha bima ya mazao, ikianza na ngano, lakini kwa miongo kadhaa ilifikia wakulima wachache tu. Sheria ya 1973 ikaleta malipo ya maafa ambayo mkulima hakuyachangia hata senti, utaratibu uliolaumiwa kwa kuwavutia watu kulima ardhi yenye hatari. Sheria ya 1980 ilikusudia bima ichukue nafasi ya malipo hayo, ila ukame wa 1988 ulipozuka, Bunge lilitoa tena mabilioni ya dola, hata kwa wasiokuwa na bima. Ndipo mwaka 1994 ukaundwa mpango wa kudumu kwa mazao ambayo hayakuwa na bima sokoni, ambao katika kiwango chake cha msingi hulipa pale tu hasara inapozidi nusu ya mavuno ya kawaida.

Wafugaji walichelewa zaidi kupata kinga ya namna hiyo. Sheria ya kilimo ya 2008 iliwawekea fidia ya mifugo iliyokufa na ya malisho yaliyokauka, lakini muda wake ulikwisha mwaka 2011. Kwa hiyo, mwanzoni mwa Oktoba 2013, mvua baridi iliyofuatwa na theluji na upepo mkali ilipoua makumi ya maelfu ya ng'ombe magharibi mwa South Dakota, wakiwa bado kwenye malisho ya kiangazi na manyoya ya baridi hayajaota, wenye mifugo hawakuwa na mpango wowote wa kuukimbilia. Sheria ya Februari 2014 iliirudisha fidia hiyo, ikaifanya ya kudumu na kuhesabu hasara zote tangu Oktoba 2011, kwa asilimia 75 ya bei ya soko ya mnyama.

Historia hii inathibitisha kwamba bima peke yake haikuwahi kumfikia kila mzalishaji, na kwamba msaada unaosubiri huruma ya Bunge baada ya kila janga huwafikia wengi wakiwa wamekwisha kufilisika. Fidia yenye manufaa ni ile ambayo masharti, kiwango na fedha zake vimewekwa kisheria kabla maafa hayajatokea.