Uhakiki wa faili za XML

Uhakiki wa faili za XML ni kazi ya kukagua kama faili iliyoandikwa kwa lugha ya XML imefuata kanuni zake kabla ya kupelekwa kwenye programu itakayoisoma. Kwa kawaida hufanyika ndani ya kihariri cha msimbo. XML ilipitishwa na shirika la W3C tarehe 10 Februari 1998 kama toleo jepesi la lugha ya zamani zaidi, SGML. Vivinjari huisoma HTML hata ikiwa na makosa mengi, lakini XML haina msamaha huo: programu ikikuta kosa la muundo inatakiwa kuacha kuichakata faili kwa njia ya kawaida. Alama moja iliyosahaulika hutosha kukwamisha maelfu ya mistari.

== Ngazi za uhakiki ==
Ngazi ya kwanza ni muundo. Faili huwa na elementi moja ya mzizi inayobeba nyingine zote, na kila lebo inayofunguliwa lazima ifungwe bila kupishana na jirani yake. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti, kwa hiyo <Jina> haifungwi kwa </jina>. Alama < na & haziandikwi wazi ndani ya matini; huandikwa &lt; na &amp;.

Ngazi ya pili ni uhalali, yaani kulinganisha faili na maelezo ya muundo wake yaliyoandikwa kwa DTD, XML Schema (2001) au RELAX NG. Faili inaweza kuwa na muundo sahihi na bado isiwe halali: kwa mfano, skima inataka namba kwenye <alama>, mwandishi ameweka "themanini". DTD haiwezi kukamata kosa la namna hiyo, XML Schema inaweza. Hata hivyo hakuna skima inayojua kama mwanafunzi alipata 80 kweli.

== Ndani ya kihariri ==
Emacs ina modi iitwayo nXML, iliyoandikwa na James Clark, mmoja wa waliounda XML yenyewe; hukagua wakati mtu anaandika, kwa kutumia RELAX NG. Visual Studio Code huhitaji kiendelezi, na kinachojulikana zaidi ni kile cha Red Hat. Kwenye Notepad++ huongezwa XML Tools. Asiye na kihariri cha namna hiyo anaweza kuandika amri xmllint --noout faili.xml, ikinyamaza, muundo ni sahihi.

Kihariri huonyesha mahali kosa lilipogunduliwa, na mara nyingi si hapo lilipotokea. Kama <kitabu> imesahauliwa kufungwa kwenye mstari wa 12, lawama inaweza kuangukia mstari wa 400, pale elementi inayoibeba inapofungwa. Wanaoanza hupoteza muda mwingi wakikodolea macho mstari usio na hatia. Ni afadhali kurekebisha kosa la kwanza kwenye orodha, kisha kukagua upya, kwa kuwa mengine huenda yametokana nalo.

== Ritifaa na makosa mengine ==
Waandishi wa Kiswahili wana mtego wao. Sifa iliyoandikwa mnyama='ng'ombe' huvunja faili, kwa sababu ritifaa inachukuliwa kuwa mwisho wa thamani. Tiba ni kutumia alama za mtajo maradufu, mnyama="ng'ombe", au kuandika &apos; badala ya ritifaa. Katika faili za maneno za programu za Android, ritifaa hutakiwa kutanguliwa na mkwaju wa nyuma: ng\'ombe. Hilo ni sharti la Android, si la XML, hivyo kihariri kinachokagua XML pekee hakitalalamika.

Nafasi au mstari mtupu kabla ya tamko <?xml version="1.0"?> pia ni kosa, ingawa ni vigumu kuliona. Vilevile faili inayotangaza UTF-8 lakini imehifadhiwa kwa usimbaji mwingine inaweza kukataliwa.

== Usalama ==
DTD inaweza kuagiza programu ilete yaliyomo kwenye faili nyingine ya kompyuta au anwani ya intaneti. Mshambuliaji anaweza kutumia njia hiyo kusoma siri zilizohifadhiwa kwenye seva. Kwa hiyo, wakati wa kuhakiki faili iliyotoka kwa mtu asiyejulikana, uwezo wa kuvuta vitu vya nje huzimwa kwanza.