Primavera (mchoro)

Primavera ni mchoro wa Sandro Botticelli wa Florence, Italia, uliochorwa kwenye mbao kwa rangi za tempera karibu na mwaka 1480. Una kimo cha takriban mita 2 na upana wa takriban mita 3. Katika bustani ya michungwa wamo Venus, mungu wa kike wa mapenzi, mwanawe Cupid, mjumbe wa miungu Mercury, Neema watatu (miungu wa kike wa uzuri), Flora, mungu wa kike wa maua, na nimfa Chloris anayekamatwa na Zephyrus, upepo wa magharibi.

Mchoro huu husomeka vyema kuanzia kulia. Maua yanamtoka Chloris kinywani na kulielekea gauni la Flora lililosheheni maua. Kwa hiyo wawili hao ni mmoja, kabla na baada ya nimfa kugeuzwa mungu, kama alivyosimulia mshairi wa Roma, Ovid. Wapo wanaodai kuwa kazi hii ilikuwa pambo la nyumba tu, kwa sababu orodha ya mali ya mwaka 1499 inaionyesha katika nyumba ya ukoo wa Medici. Ni kweli ilipamba nyumba, lakini pambo tupu lisingehitaji maua kinywani mwa nimfa. Leo mchoro umehifadhiwa katika makumbusho ya Uffizi, Florence.