Lenzi, Nyangwe na ile negativu ya koko



Leo tuongee juu ya kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja: lenzi ya mashine ya kukuza foto, ile ambayo wafotografe wetu waliozoea Kifaransa wanaita agrandisere. Utasema, sasa historia iko wapi hapo? Subiri kidogo. Tuanzie Kabambare.

Mwezi wa tisa 1869, David Livingstone alifika Kabambare. Yeye aliandika Bambarre. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza hapo muda mrefu. Karatasi zikamwishia, na wino vilevile. Akachukua magazeti ya zamani ya Uingereza, akaandika kwa kukata mistari ya chapa, na wino akautengeneza kwa mbegu za mmea wenye rangi nyekundu. Mwanzo wa 1871 akaendelea mpaka Nyangwe, kwenye Lualaba, katika Kasongo yetu ya leo.

Hapo Nyangwe, tarehe 15 mwezi wa saba 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wenye bunduki waliwafyatulia risasi wanunuzi na wauzaji, wengi wao wamama. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni wakikimbia. Livingstone aliona kwa macho yake, akaandika siku zile zile kwenye yale magazeti. Habari hiyo ilipofika Ulaya ilisaidia kusukuma Zanzibar ifunge soko la watumwa mwaka 1873.

Lakini angalia kilichotokea kwa karatasi zenyewe. Ule wino wa mbegu ulififia, chapa ya gazeti ikabaki nyeusi tii. Kitabu ambacho dunia ilisoma, kilichotoka 1874, kilipitia mkono wa mhariri Horace Waller, na kilitegemea nakala ambayo Livingstone mwenyewe aliandika upya baadaye. Yale maneno ya kwanza, ya moto moto, yalibaki kama yamefungiwa ndani ya karatasi kwa karibu miaka 140.

Mwaka 2010, kikundi cha watafiti kikiongozwa na Adrian Wisnicki kilipiga foto karatasi hizo huko Scotland. Hawakutumia taa moja nyeupe. Waliangaza kila ukurasa kwa mwanga wa rangi moja, kisha nyingine, kuanzia ile ambayo jicho halioni upande wa zambarau mpaka ile ambayo halioni upande wa nyekundu. Kompyuta ikatenganisha wino wa mbegu na chapa ya gazeti. Mwaka 2011 diary ya Nyangwe ikatolewa, kila mtu aisome.

Sasa tufike kwenye lenzi. Kioo cha kawaida hakikunji rangi zote sawasawa. Bluu inakutana mahali pamoja, nyekundu mbele kidogo. Kwa hiyo kazi ya namna ile inadai lenzi inayokusanya rangi zote mahali pamoja. Bila hiyo, herufi zingekuwa kali kwenye rangi moja na ukungu kwenye nyingine, na maneno ya Nyangwe yangekuwa magumu zaidi kusoma.

Sheria hiyo hiyo inatawala chumba cha giza. Zamani, enzi ya sahani za vioo, fotografe alilaza negativu juu ya karatasi ya foto, akaweka kwenye jua, basi. Foto ilitoka na ukubwa ule ule wa negativu. Lenzi ya pili haikuhitajika, wala umeme. Mwaka 1925 Leica ilipotoka sokoni na filamu ndogo ya milimita 24 kwa 36, mambo yaligeuka. Foto ya ukubwa wa ukucha haiwekwi ukutani, lazima ikuzwe. Kila foto ya filamu inayokuzwa hivyo inapita kwenye lenzi mbili: ile ya kamera na ile ya mashine ya kukuza. Ya pili ikiwa mbaya, inaharibu kazi yote ya ile ya kwanza.

Hesabu ni rahisi. Kutoka milimita 24 mpaka sentimita 24 umekuza mara 10. Kila kosa nalo linakua mara 10.

Basi ukitaka kuchagua, fuata mambo haya.

Kwanza, urefu wa lenzi ufuate negativu. Kwa 24 kwa 36, chukua milimita 50. Kwa negativu ya sentimita 6 kwa 6, chukua 75 au 80. Kwa 6 kwa 9, chukua 105. Ukiweka 50 kwenye negativu kubwa, pembe zitakuwa hazipati mwanga wa kutosha.

Pili, hesabu vioo vya ndani. Rogonar ina vitatu, Rogonar-S vinne. Hizo zinafaa kwa foto ndogo, kama za karte. Kwa kukuza mara 8 au 10, tafuta za vioo sita: Rodagon, Componon-S, El-Nikkor ya f/2.8. Siku hizi, juu ya foto za simu, watu wa Ulaya wanaziuza za mkono wa pili kwa bei ndogo.

Tatu, usichape lenzi ikiwa wazi kabisa. Funga hatua mbili, mpaka f/5.6 au f/8. Ukifunga mpaka f/16, foto inalegea tena.

Nne, kumbuka somo la Nyangwe. Karatasi ya foto nyeusi na nyeupe inasikia zaidi bluu, na ile ya Multigrade, ambayo Ilford walileta 1940, inasikia bluu na kijani. Lakini jicho lako linapima ukali kwa njano. Lenzi mbaya itakuonyesha foto kali, halafu karatasi ikupe ukungu. Chapa jaribio, angalia katikati na pembe zote nne, usiamini jicho peke yake.

Tano, angalia ndani ya kioo kwa tochi. Kwetu joto na unyevu huotesha ukungu kama nyuzi za buibui. Ukiuona, iache hapo hapo.

Wandugu, kwa nini haya yote? Juu kuna negativu ndani ya makopo na mabahasha, chini ya vitanda vya wazee. Vita ya 1964, halafu zile za kati ya 1996 na 2003, ziliwafanya watu wakimbie na nguo tu. Zile zilizobaki zinaoza polepole. Livingstone alikuwa mgeni, na watu walihangaika kusoma hata gazeti lake lililofifia. Nani atahangaika na sura ya koko wako, kama si wewe?

Wiki hii uliza nyumbani. Ukipata negativu, shika kwa pembeni, weka kwenye karatasi kavu, andika jina na mwaka wakati mzee angali anakumbuka. Lenzi nzuri itapatikana. Sura ikiisha kuoza, hakuna lenzi itakayoirudisha.