Kizuri Hakijiuzi: Nyimbo Huru na Orodha za Vuli

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli wake sokoni, penye samaki na ndizi, ambapo mnunuzi huona kwa macho na kugusa kwa mkono. Katika nyimbo haina nguvu hiyo. Wimbo hauonekani wala haushikiki, na asiyepata kuusikia hawezi kuutamani. Historia ya muziki wa Uingereza uitwao indi, kifupisho cha neno lao lenye maana ya kujitegemea, yatuonyesha kwamba nyuma ya kila wimbo uliofika mbali palikuwa na mtu aliyeutembeza.

Tuanze Manchester. Mwishoni mwa Disemba 1976 vijana wanne wa kundi la Buzzcocks waliingia studio wakarikodi nyimbo nne kwa pauni 500 walizokopa kwa jamaa na marafiki. Hawakungoja kuitwa na kampuni kubwa za London. Waliunda kampuni yao wenyewe, New Hormones, na Januari 1977 wakatoa santuri ndogo iitwayo Spiral Scratch, nakala 1,000. Juu ya jalada waliandika kila wimbo ulirudiwa mara ngapi studioni kabla ya kukubalika, kana kwamba wamfunulia msikilizaji siri ya kazi ili naye ajaribu. Nakala zile zikaisha, zikachapwa nyingine, hata idadi ikafika 16,000.

Nani alizibeba santuri za namna hii? Mwaka 1976 Geoff Travis alikuwa amefungua duka la Rough Trade magharibi ya London. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 duka hilo na mengine ya mikoani yaliungana katika mtandao ulioitwa The Cartel, wakasambaza kazi za wadogo nchi nzima. Na orodha ya mauzo ya santuri huru ilipoanza kuchapishwa Januari 1980, kigezo hakikuwa mlio wa gitaa wala mavazi ya waimbaji. Santuri ilihesabiwa huru ikiwa imesambazwa nje ya mikono ya kampuni kubwa. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwani siku hizi wengi hudhani indi ni namna ya sauti tu. Asili yake ni swali la nani anayebeba.

Mbebaji mashuhuri kuliko wote alikuwa mtangazaji John Peel, aliyekuwa BBC Radio 1 tangu 1967 hadi alipofariki Cuzco, Peru, Oktoba 2004. Usiku mmoja wa Septemba 1978 aliupiga wimbo "Teenage Kicks" wa vijana wa The Undertones kutoka Derry, kisha akaurudia papo hapo, jambo lisilo kawaida redioni. Santuri hiyo ilikuwa imetolewa Belfast, mji uliokuwa katika mabomu na vizuizi vya askari, na Good Vibrations, kampuni ndogo ya Terri Hooley aliyekuwa na duka la santuri. Haukupita muda mrefu, kampuni ya Sire ikawachukua vijana wale. Wimbo ulikuwa mzuri tangu mwanzo; uzuri wake haukuzidi hata kidogo usiku ule. Kilichoongezeka ni masikio.

Wasikilizaji wa Peel walikaa na kinasa sauti kando ya redio, kidole juu ya kitufe. Kanda ndogo ya kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ndiyo iliyompa mtu wa kawaida uwezo wa kuwa mtangazaji wa rafiki mmoja. Kujaza kanda ya dakika 90 kulichukua dakika 90 na zaidi: ilikulazimu kusikiliza kila wimbo hadi mwisho, kupima upande wa kwanza na wa pili, na kuandika majina kwa mkono. Aliyepewa kanda alipewa na saa za mtu.

Wenye kampuni waliona wizi. Katika miaka ya 1980 jumuiya yao ilieneza onyo kwamba kunakili nyumbani kwaua muziki, na nembo yake ilikuwa kanda yenye sura ya fuvu juu ya mifupa miwili. Hoja yao si ya kupuuzwa, maana mwimbaji hali sifa. Lakini wadogo walikitumia chombo kile kile kujitangaza. Mwaka 1981 gazeti la New Musical Express likishirikiana na Rough Trade lilitoa kanda ya C81, na mwaka 1986 gazeti likatoa C86, yenye makundi 22, Primal Scream wakiwa wa kwanza. Wasomaji waliagiza kanda hizo kwa posta. Ilikuwa orodha tu ya nyimbo, iliyochaguliwa na watu, lakini jina C86 likaja kuwa jina la kizazi kizima cha wanamuziki.

Kwa nini basi orodha kama hizi hupenda kufungamana na majira? Sisi wafasiri tumezoea kuyaita majira yao ya Septemba hadi Novemba "vuli", ingawa vuli yetu ni mvua na mbegu, na yao ni majani kupukutika. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zao hurudishwa nyuma, na giza likawahi. Vyuo hufunguliwa, vijana huhama miji, na marafiki hutengana. Ni wakati wa kukaa ndani na kusikiliza nyimbo za sauti ya chini. Wengi humkumbuka wakati huo Nick Drake, aliyefariki Novemba 1974 akiwa na miaka 26. Kila moja ya albamu zake tatu iliuza nakala elfu chache tu alipokuwa hai. Zilidumu kwa sababu waliozipenda hawakuacha kuwaonjesha wenzao.

Visiwa vyetu navyo vimeguswa na mkondo huu. Mwaka 1988 GlobeStyle, tawi la Ace Records, kampuni huru ya London, ilitoa rikodi za taarabu ya Zanzibar, na vikundi vya Ikhwani Safaa na Culture vimo katika mfululizo huo. Waliozibeba hawakuwa wakubwa wa biashara. Walikuwa wapenzi wa muziki waliosafiri kutafuta.

Leo mbebaji mara nyingi ni programu ya kompyuta. Spotify ilifunguliwa kwa watu Oktoba 2008, na tangu 2015 humtungia kila msikilizaji orodha mpya kila wiki. Mimi sidharau urahisi huo. Lakini tangu 2024, wimbo usiosikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haumpi mwenyewe malipo ya rikodi. Kampuni yasema vijisenti hivyo havikuwa vikiwafikia wenyewe. Huenda, hata hivyo tuone kilichobadilika. Nakala 1,000 ziliwatosha Buzzcocks kuanzia. Leo mara 1,000 ni kizingiti cha mlango, na anayeanza, awe Leeds au Ng'ambo, amesimama nje yake.

Hapo ndipo orodha ya rafiki inaporudisha thamani yake. Ukiikusanya ya vuli hii, iwe fupi, nyimbo 12 zatosha. Sikiliza kila mmoja hadi mwisho kabla ya kuutuma. Andika jina la mwimbaji na mji wake, na neno moja la kwa nini umeuchagua. Kisha nunua angalau mmoja kwa mwenyewe, au kupitia Bandcamp, iliyoanza 2008 na ambayo tangu Machi 2020 huwaachia wasanii fungu lake katika Ijumaa maalumu. Watu hamsini wakifanya hivyo kwa wimbo mmoja, na kila mmoja akausikiliza mara ishirini msimu huu, wimbo huo umefika 1,000.