Mreno alituachia meza, hakutuachia 'kuingia'

Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Miaka michache baadaye Wareno walikuwa wakiitoza Lamu kodi, na mwaka 1587 waliibomoa Faza, kisiwani Pate. Waomani waliiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698. Miaka 200, jamani! Kilugha walituachia nini?

Walituachia meza, bendera, leso, kasha, mvinyo, roda ya mashua, na gereza, ambalo asili yake ni neno lao la kanisa. Takriban yote ni nomino. Kuingia, kutoka, kupanda, kushuka na kuvuka vilibaki vyetu vya Kibantu. Mwarabu, aliyeishi nasi, akaoa na kusomesha, ndiye aliyetuongezea safiri, wasili na rudi. Mreno alikuja kutoza. Vitu vyake vilishuka bandarini na majina yake, basi.

Hata hivyo, nikizilinganisha lugha hizi mbili naona zinafanana katika mwendo. Mtu akitoka Amu hadi Manda kwa kuogelea, sisi husema 'alivuka mkondo akiogelea'. Mreno naye hutanguliza kuvuka, 'atravessar', kisha ndipo aongeze kuogelea. Mwingereza hugeuza mambo: kitenzi chake ni kuogelea, na kule kuvuka hukiachia kineno kidogo kinachofuata.

Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wengi. 'Ingia ndani', 'panda juu' na 'shuka chini' tunazisikia kila siku gatini, nao hudai ni athari za Kiingereza. Mbona Wareno pia husema 'entrar para dentro' na 'subir para cima', yaani ingia ndani na panda juu, na walimu wao huwakemea vivyo hivyo? Kitenzi kikiwa kimebeba mwelekeo tumboni, msemaji anayetaka kusisitiza huutaja tena nje.

Kwa hivyo mwanafunzi na afute 'ndani' na 'juu' katika insha, kwani ni ziada. Lakini nahodha akiita, 'Haya, pandeni juu!', tusimwambie ameiga Mwingereza. Wa kuogopwa ni yule anayeandika 'alienda ndani ya nyumba' ilhali 'aliingia' lipo. Huyo haongezi neno. Anakipokonya kitenzi chetu kazi ambayo Mreno, kwa mizinga yake yote, hakuigusa.